Mtoto Akifundishwa Nyumbani, Sheria Inasemaje?



Muhula uliopita alikuja ofisini kwetu mama mmoja kutoka upande wa Njoro. Alikuwa amefunga karatasi ndani ya leso, akaifungua pole pole na kuiweka mezani. "Mwalimu," akaniambia (nilifundisha miaka mingi kabla ya kuja hapa kwenye ofisi ya maendeleo, na jina hilo limenikwama), "hebu nisomee hii. Mzee wangu anasema haina maneno. Lakini mimi silali."

Ilikuwa barua ya naibu wa chifu. Iliwataka yeye na mumewe wafike waeleze kwa nini watoto wao wawili, msichana wa miaka 11 na mvulana wa miaka 8, hawajaonekana shuleni tangu mwaka uanze.

Sasa, hawa si watoto wa kuzurura. Baba yao ni fundi wa stima, mtu aliyesoma. Mama alimaliza kidato cha nne. Walikuwa wamewatoa watoto shuleni baada ya kijana kurudi nyumbani siku moja na kidole kimevimba kwa kiboko, na baba akaapa kwamba hawarudi. Akaweka ubao sebuleni. Asubuhi hesabu na Kiingereza, baadaye Kiswahili na sayansi, jioni wanamfuata mama shambani. Nilipompa yule msichana gazeti alilisoma bila kukwama, na kuniuliza maana ya maneno mawili. Kwa hivyo usije ukadhani ninaandika juu ya wazazi wavivu. Ninaandika juu ya wazazi wenye bidii ambao wamejikuta upande mbaya wa sheria bila kujua.

Na hawako peke yao. Tangu mwaka 2020 maswali ya namna hii yamezidi hapa kwetu. Mnakumbuka shule zilifungwa mwezi wa Machi mwaka huo kwa sababu ya Korona. Mwezi wa Oktoba wakarudi watoto wa Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne tu, na wengine wakangoja mpaka Januari 2021. Hiyo ni miezi tisa. Wazazi wengi walifundisha nyumbani kwa lazima, na baadhi yao wakaona, kumbe inawezekana! Shule zilipofunguliwa, wachache hawakurudisha watoto. Wengine wamefuata njia hiyo kwa sababu ya imani, wengine kwa sababu ya umbali wa shule, wengine kwa ajili ya mtoto mgonjwa. Kila mmoja anakuja na swali lile lile: je, ni kosa?

Jibu fupi ni hili. Kumfundisha mtoto wako nyumbani si kosa. Kosa ni kutompeleka shule. Watu wakisikia hivyo hudhani ninacheza na maneno, kwa hivyo tuangalie sheria yenyewe.

MANENO YA SHERIA

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya kupata elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Angalia kwamba haki hiyo ni ya mtoto. Siyo ya baba, siyo ya mama, siyo ya kanisa. Mzazi hawezi kuisamehe kwa niaba ya mtoto, kama vile hawezi kuuza shamba ambalo si lake.

Halafu kuna Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Hapa neno "msingi" linachanganya wengi. Sisi tumezoea shule ya msingi kuwa ile ya darasa la kwanza mpaka la nane. Katika sheria hii, elimu ya msingi inaanzia kwa watoto wa chekechea na kuendelea mpaka mwisho wa shule ya upili. Kwa hivyo mzazi anayesema, "Wangu amemaliza msingi, sasa yuko huru kubaki nyumbani," amekosea.

Kifungu cha 30 ndicho kinachowagusa wazazi. Nakieleza kwa Kiswahili chetu: kila mzazi ambaye mtoto wake ni Mkenya, au anaishi Kenya, atahakikisha kwamba mtoto huyo anahudhuria kila mara shule, au taasisi nyingine iliyoidhinishwa na Waziri wa Elimu. Mzazi asiyefanya hivyo amevunja sheria. Akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Kifungu cha 31 kinaongeza kwamba ni jukumu la mzazi au mlezi kumwandikisha mtoto.

Yasome tena maneno hayo. Hakuna mahali yanapouliza kama mtoto anajua kusoma. Hayaulizi kama mama yake ni mwalimu mzuri. Yanauliza: mtoto huyu anahudhuria wapi? Na jibu linalokubalika ni mahali palipoandikishwa au kuidhinishwa na serikali. Yule fundi wa stima alikuwa amejiandaa kuthibitisha kwamba watoto wake wanajifunza, na angethibitisha bila shida. Lakini hilo silo swali aliloulizwa.

Kuna wazazi wanaoyashika yale maneno "taasisi nyingine iliyoidhinishwa" na kusema, basi nyumba yangu ni taasisi. Ndugu yangu, nyumba haiwi taasisi iliyoidhinishwa kwa sababu umeweka ubao na kengele. Kibali lazima kitoke kwa Waziri, na kiwe cha maandishi.

"LAKINI ZAMANI HAIKUWA HIVYO"

Ni kweli, na hapa wazee hawakudanganya. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968, ile iliyojulikana kama Sura ya 211, ilieleza shule kuwa mahali ambapo wanafunzi wasiopungua kumi wanapewa mafunzo ya kila mara. Kwa hivyo ukiwafundisha watoto wako watano mezani, hukuwa unaendesha shule bila kibali. Maneno "chini ya kumi si shule" yamezunguka Bondeni, yakafika Molo, yakavuka mpaka Baringo, na bado nayasikia. Lakini sheria ile ilifutwa na hii ya 2013. Sasa idadi ya watoto haikusaidii tena. Shule ni taasisi iliyosajiliwa na inayofikia viwango vilivyowekwa.

Jambo moja halikubadilika, na linatuhusu sisi watu wa kanisa. Mahali ambapo mafundisho yote ni ya dini tu hapahesabiwi kuwa shule. Kwa hivyo Sunday school, madrasa, au darasa la katekisimu, hata likifanywa kila siku na kwa ustadi, halimwondolei mzazi wajibu wa kifungu cha 30.

Wazazi wengine hawakuridhika na wakaenda mahakamani. Mwaka 2019 kesi ya kikatiba ilifunguliwa katika Mahakama Kuu ya Nairobi. Waliofungua kesi hiyo walisema sheria inayomlazimisha mzazi kumpeleka mtoto shule inaingilia uhuru wa dhamiri na dini, na haki ya mzazi kuchagua namna mtoto wake atakavyolelewa na kufunzwa. Hoja zao hazikuwa za kipuuzi. Tangazo la Umoja wa Mataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 26, linasema wazi kwamba wazazi wana haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya watoto wao. Mwezi wa Novemba 2021 mahakama ilitoa uamuzi na kuikataa kesi. Vifungu vya sheria ya 2013 vikabaki vilivyo.

Mimi binafsi nilisikitika kidogo. Nadhani ingefaa sheria yetu iwe na mlango mdogo kwa mzazi anayeweza kuonyesha kazi yake na kukaguliwa. Lakini maoni yangu si sheria, na yako pia si sheria. Ukimwambia chifu kwamba hukubaliani na mahakama, atakuandikia barua ya pili.

VITABU VYA NG'AMBO

Yule baba wa Njoro alikuwa na vitabu vizuri kutoka Marekani, na ndani ya kimoja kulikuwa na ukurasa unaomwambia mzazi kwamba ana haki kamili ya kufundisha nyumbani na kwamba mtu yeyote akija mlangoni aambiwe aonyeshe kibali cha hakimu. Aliamini. Kwa nini asiamini? Kimechapishwa.

Lakini kitabu kile kiliandikwa kwa mtu wa Marekani. Kule masomo ya nyumbani yanaruhusiwa katika majimbo yote 50, na kila jimbo lina masharti yake. Kuna majimbo yanayotaka mzazi aandike barua kila mwaka na mtoto apimwe, na mengine hayataki chochote. Uingereza, sheria yao ya elimu ya mwaka 1996 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu inayofaa, shuleni au kwa njia nyingine, na hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yanayowapa nafasi. Afrika Kusini inaruhusu, lakini mzazi lazima amsajili mtoto kwa serikali kwanza. Ujerumani haikubali kabisa. Familia moja ya huko ilifika mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na mwaka 2019 ikashindwa.

Kwa hivyo kila nchi na desturi yake. Vitabu ni vyema, watoto wavisome. Ule ukurasa wa sheria uruke.

BARUA INATOKA WAPI

Watu hudhani chifu ameamka asubuhi akaamua kuwasumbua. Kwa kawaida mambo huanzia shuleni. Mtoto asipofika, sheria inamtaka mwalimu mkuu achunguze sababu. Asipoona sababu ya maana, anamwandikia mzazi taarifa ya kumtaka amrudishe mtoto, na anapeleka ripoti kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Machifu na manaibu wao wanaingia kwa sababu wao ndio wanaojua nyumba. Tangu mwaka 2018, serikali iliposema kila mtoto anayemaliza shule ya msingi lazima aingie ya upili, wametumwa mlango kwa mlango.

Ukipata barua ya namna hiyo, usiitupe na usitoroke. Nenda siku uliyoitwa. Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ripoti zake za shule, na kama kuna sababu ya ugonjwa, karatasi za hospitali. Sema ukweli kuhusu kilichotokea. Kwa jinsi nilivyoona, afisa wengi wanataka mtoto arudi shule, hawataki mzazi alale ndani. Anayepelekwa mbele mara nyingi ni yule aliyekaa kimya mpaka barua ya tatu.

KIZINGITI CHA MITIHANI

Lakini hata kama chifu hajui nyumba yako, hata kama unaishi mahali ambapo hakuna anayekuuliza, kuna kizingiti kingine kinachokungoja mbele, na hiki ndicho kinachoniumiza zaidi kwa sababu anayejikwaa ni mtoto.

Zamani katika mfumo wa 8-4-4, mtihani mmoja ulikuwa unaamua kila kitu. Mtoto angeweza kusoma popote, mradi mwishoni apate mahali pa kusajiliwa afanye mtihani. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Mfumo wa sasa umepangwa tofauti. Mtoto anapewa nambari ya tathmini ya Baraza la Mitihani akiwa bado mdogo, na anayempatia ni shule. Kisha alama zinakusanywa njiani. Mtihani wa Gredi ya 9, uitwao KJSEA, ulifanywa mara ya kwanza mwaka 2025. Katika matokeo yake, sehemu ya 20 kwa mia inatoka kwenye mtihani wa Gredi ya 6, nyingine 20 inatoka kwenye tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na 60 ndiyo ya mtihani wenyewe.

Fanya hesabu hiyo kwa mtoto aliyekuwa nyumbani. Hakuna mwalimu aliyepakia alama zake za Gredi ya 7 na 8 kwenye mtandao wa Baraza. Hakufanya mtihani wa Gredi ya 6. Hata akiwa hodari kuliko wote Nakuru, ile 40 ya kwanza iko wapi? Mama yake hawezi kuipeleka, kwa sababu mlango wa kuingiza alama ni wa shule.

Wazazi wenye uwezo huwaandalia watoto mitihani ya ng'ambo, kama ile ya Cambridge, inayofanywa katika vituo maalum. Inakubalika kwingi lakini ni ghali, na kwa familia ya kibarua wa shamba la maua Naivasha au mkulima wa viazi Kuresoi hiyo si njia. Tusidanganyane.

SABABU ILIYOKUTOA SHULENI

Nilipomaliza kumweleza yule mama mambo hayo, alinyamaza, kisha akasema: "Sawa, mwalimu. Lakini kidole cha mtoto?"

Hilo ni swali la haki. Mara nyingi tunawaambia wazazi warudishe watoto na hatuwaambii la kufanya na jambo lililowafukuza. Basi sikilizeni. Kiboko kimepigwa marufuku katika shule za Kenya tangu mwaka 2001. Sheria ile ile ya 2013 inayokutisha wewe kwa faini, katika kifungu cha 36 inamtisha pia anayempiga au kumtesa mwanafunzi: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Mtoto akiumizwa, mpeleke hospitali upewe karatasi, andika barua kwa mwalimu mkuu na ubaki na nakala, na nakala nyingine uipeleke kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Ukipuuzwa, nenda kwa afisa wa watoto. Na una ruhusa ya kumhamisha mtoto. Kumhamisha si kumtoa.

Wengine wanaogopa kumrudisha mtoto kwa sababu amekaa nje muda mrefu na watadaiwa hiki na kile. Shule ya umma hairuhusiwi kutoza pesa za kuandikisha mtoto. Hairuhusiwi kumpa mtihani wa kumkatalia nafasi. Inaweza kumpima tu ili kujua aingie darasa gani. Na haiwezi kumkataa kwa kukosa karatasi ya kuthibitisha umri, ingawa nakushauri cheti cha kuzaliwa ukitafute mapema, maana bila hicho usajili wa mitihani unakuwa vita.

Sasa nije kwa mtoto mwenye ulemavu, na hapa naomba mnisikilize sana, maana katika kutembelea nyumba tumekuta watoto waliofichwa chumba cha nyuma. Kuna watoto ambao hawawezi kukaa darasani: mwenye mtindio mkali wa ubongo, kwa mfano, asiyeweza kujiinua wala kujilisha. Kwa hawa, sera ya serikali ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inatambua masomo ya nyumbani. Lakini hayatokei kwa mzazi kuamua peke yake. Mtoto anapelekwa kwanza kwenye kituo cha tathmini ya elimu, kile kinachoitwa EARC. Vituo hivi vilianza mwaka 1984, na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuonyesha kilicho karibu. Pale mtoto anaangaliwa, na wanaandika anafaa kusomea wapi: shule ya kawaida, kitengo maalum, shule maalum kama ile ya viziwi ya Ngala hapa Nakuru, au nyumbani. Wakiandika nyumbani, hapo sasa unayo karatasi, na mtoto wako anahesabiwa kuwa ni mwanafunzi.

Mama mmoja tuliyemtembelea alikuwa amekaa na kijana wake miaka tisa bila kumpeleka popote. Alidhani akienda atashtakiwa kwa kuchelewa. Alipopelekwa kwenye tathmini hakuna aliyemgombeza. Wakaona kijana anaweza kukaa kwenye kiti kilichotengenezewa mgongo, na akapata nafasi katika kitengo cha shule iliyo karibu. Yaani miaka yote ile mama alikuwa anaogopa mlango uliokuwa wazi.

Kwa ndugu zetu wafugaji wa Baringo na Samburu wanaohama na mifugo, sheria ya 2013 iliunda baraza la kitaifa la elimu ya wafugaji wanaohamahama, na shule za kuhamahama zinatambuliwa. Huko pia swali ni lile lile: imeandikishwa?

UKUMBI WA KANISA

Jambo la mwisho. Kuna parokia iliyoombwa na wazazi wapatao kumi iwape ukumbi. Walitaka kuwakusanya watoto wao, waajiri kijana aliyemaliza chuo kikuu, kila mmoja achangie kidogo. Wazo zuri, na kamati ilikuwa karibu kukubali. Tuliwazuia, si kwa ubaya. Sheria inakataza mtu kutoa elimu ya msingi bila kusajiliwa. Kwa hivyo mzazi mmoja nyumbani ana shida ya kifungu cha 30, lakini kumi ndani ya ukumbi, pamoja na kanisa lenye ukumbi, wanaonekana wanaendesha shule isiyo na kibali.

Hata hivyo njia ya kusajili ipo, na wazazi walioungana ndio wanaoweza kuifuata. Ombi linapelekwa kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti kupitia ofisi ya kaunti ndogo. Wataomba hati ya ardhi au mkataba wa kukodi, ripoti ya afya ya umma kuhusu vyoo, maji na madirisha, ukaguzi wa maafisa wa ubora wa elimu, na walimu waliosajiliwa na Tume ya Huduma ya Walimu. Yule kijana wa chuo kikuu, kama hajasomea ualimu na kusajiliwa, haruhusiwi kufundisha. Kwa mitaa kama Rhonda na Kaptembwo, ambako ardhi ni finyu, serikali ilitoa mwaka 2009 sera ya shule za njia mbadala, ili shule ndogo za mitaa ya mabanda zisihukumiwe kwa vipimo vya shule yenye uwanja wa mpira. Waulizeni ofisi ya elimu ni masharti gani yanayotumika sasa kabla ya kununua hata chaki, kwa sababu hubadilishwa. Wazazi wale kumi bado wanahangaika na suala la vyoo.

Na wale wa Njoro? Walikwenda kwa naibu wa chifu wote wawili. Baba alibeba picha ya kidole na barua tuliyomsaidia kuandika. Watoto hawakurudi shule ile. Walihamishiwa nyingine, ambayo iko mbali zaidi kwa kama kilomita mbili, na hilo linamkasirisha baba mpaka leo. Msichana alipimwa akaingizwa Gredi ya 5 pamoja na wa rika lake. Mvulana aliingia Gredi ya 3, na mwalimu wake ameniambia hesabu zake ni za kushangaza ila anaandika huku ameficha mkono.

Ubao wa sebuleni haukuondolewa. Kila jioni baada ya chai baba anafundisha saa moja, na Jumamosi asubuhi. Alipopita ofisini mwezi uliopita aliniuliza, kwa kiburi kidogo, kama hilo nalo lina kifungu. Nikamwambia halina.